Maktaba Ipo, Programu Haiioni: Uchambuzi wa Kisa cha Mizani ya Ghala la Korosho Tandahimba

Mwanzoni mwa msimu wa korosho, kompyuta ya ghala la chama kimoja cha msingi wilayani Tandahimba, mkoani Mtwara, iliungua baada ya umeme kukatika usiku na kurudi kwa kishindo. Viongozi wa chama walinunua nyingine mjini, ikawekewa Ubuntu 22.04, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, na Java 17, kisha kijana anayesaidia kazi za kompyuta pale ghalani akanakili humo programu ya mapokezi ya mzigo kutoka kwenye flashi niliyowaachia msimu uliotangulia. Programu ilifunguka vizuri. Orodha ya wakulima ilikuja, namba za magunia zilikuja, lakini pale panapopaswa kuonekana uzito palibaki vistari vitupu. Karani wa chama, mama mtu mzima ambaye mimi humwamkia kwanza kabla ya neno jingine lolote, alinipigia simu Alhamisi mchana akaeleza tatizo kwa usahihi ambao mafundi wengi hawaufikii: “Mwanangu, mizani yenyewe inasoma, namba naiona pale kwenye kioo chake. Kwenye kompyuta ndiyo haifiki.”

Ili kisa kieleweke, ni lazima nieleze kwanza jinsi programu hiyo ilivyoundwa. Sehemu yake kubwa imeandikwa kwa lugha ya Java: orodha, risiti, ripoti za siku. Mizani, kwa upande wake, huzungumza kwa itifaki ya Modbus kupitia waya wa USB, na njia tuliyoiona imara zaidi ya kuzungumza nayo ilikuwa libmodbus, maktaba (yaani msimbo uliokwisha kuandikwa ili programu nyingine ziutumie) iliyoandikwa kwa lugha ya C. Kwa hiyo niliandika maktaba ndogo ya C, `libmizani.so`, ambayo huitumia libmodbus kuisoma mizani, na Java huiita maktaba hiyo kwa JNI, daraja ambalo Java imekuwa nalo tangu JDK 1.1 ya mwaka 1997. Maktaba ya namna hii si faili la Java. Ni msimbo wa mashine uliokwisha kupita kwenye kompaila, uliofungwa kwa ajili ya prosesa fulani na mfumo endeshi fulani, na Java haiwezi kuubeba ndani ya mashine yake pepe kama inavyobeba faili zake nyingine. Ni lazima iuombe mfumo endeshi uupakie. Ombi hilo ndilo lililokuwa likikataliwa.

Huku kwetu, Mtwara na Lindi, uzito unaoandikwa siku korosho inapopokelewa ndio uzito ambao mkulima atalipwa baada ya mnada, kwa kuwa mzigo wake huingia katika stakabadhi ya ghala na yeye hurudi nyumbani na karatasi tu mkononi. Watu wamenyonywa miaka mingi na kangomba, wale wanaonunua korosho vijijini kwa vipimo vyao wenyewe visivyo rasmi, na kwa sababu hiyo namba iliyoandikwa kwa kalamu huangaliwa kwa shaka hata pale karani anapokuwa mwaminifu. Ghala lilikuwa lianze kupokea mzigo kesho yake asubuhi.

Karani alinitumia picha ya kioo cha kompyuta kwa WhatsApp. Ujumbe ulisomeka hivi:

`java.lang.UnsatisfiedLinkError: no mizani in java.library.path: /usr/java/packages/lib:/usr/lib/x86_64-linux-gnu/jni:/lib/x86_64-linux-gnu:/usr/lib/x86_64-linux-gnu:/usr/lib/jni:/lib:/usr/lib`

Kijana alikuwa ameiondoa Java na kuiweka upya mara mbili. Nimeona mafundi wengi wakianzia hapo, nami simlaumu, kwani neno la kwanza katika ujumbe ni `java`. Hata hivyo, Java ilikuwa nzima kabisa, na katika mstari ule ule ilikuwa inaeleza kila kitu kinachohitajika. Inasema kwamba imeombwa maktaba iitwayo mizani, ikaitafuta katika folda saba zilizotajwa hapo, na katika zote saba haikuikuta. Matoleo ya zamani ya Java yalikuwa yakiishia kwenye neno `path`, na fundi alibaki akikisia ni folda zipi. Matoleo ya sasa huziorodhesha, na mtu anayezisoma moja moja ataona mara moja kwamba `/opt/ghala/lib`, mahali faili letu lilipokuwa, haimo.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kilichotokea. Kwenye kompyuta iliyoungua, programu ilikuwa ikiwashwa na huduma ya systemd, sehemu ya Linux inayowasha programu zenyewe kompyuta inapowaka, na faili la huduma hiyo, lenye agizo la `-Djava.library.path=/opt/ghala/lib`, lilikuwa ndani ya `/etc/systemd/system`. Flashi ilikuwa na folda ya `/opt/ghala` pekee. Kijana, kwa juhudi zake, aliandika faili jipya la huduma lenye `java -jar` na jina la programu, basi. Hakukosea jambo lolote aliloambiwa. Aliyekosea ni mimi, niliyempa folda moja na kuiita programu nzima.

Nilimwelekeza kwa simu aongeze agizo lile katika mstari wa `ExecStart`, ule wa faili la huduma unaobeba amri ya kuwasha programu, kabla ya `-jar`, kwa sababu likija baada ya jina la programu Java hulichukulia kuwa ni la programu na si lake yenyewe. Kuna mambo mawili ambayo huwapotezea watu muda katika hatua hii, na ni vyema niyataje. La kwanza ni jina: msimbo wa Java huandika `System.loadLibrary("mizani")`, bila `lib` mwanzoni na bila `.so` mwishoni, na Java ndiyo inayoongeza viambishi hivyo kulingana na mfumo, yaani `libmizani.so` kwa Linux na `mizani.dll` kwa Windows. Anayeandika `"libmizani"` humfanya mtafutaji aende kutafuta `liblibmizani.so`. La pili ni ushauri unaosambaa wa kubadilisha `java.library.path` ndani ya programu yenyewe kwa `System.setProperty`. Agizo hilo hupokelewa bila malalamiko, na ukiuliza thamani mpya utaonyeshwa, lakini orodha ya folda ilikwisha kuchukuliwa Java ilipowaka, na mtafutaji haiangalii tena.

Baada ya nusu saa kijana alinipigia. “Kaka, kosa ni lile lile.”

Nilimwomba asinisimulie, anitumie picha. Kosa halikuwa lile lile:

`java.lang.UnsatisfiedLinkError: /opt/ghala/lib/libmizani.so: libmodbus.so.5: cannot open shared object file: No such file or directory`

Ninaomba msomaji atulie kwenye mstari huu, kwa sababu kwa uzoefu wangu ndio unaopoteza siku nyingi zaidi za mafundi kuliko mwingine wowote katika jambo hili. Mtu huona neno lile lile la mwanzo, `UnsatisfiedLinkError`, huona jina la maktaba yake, na mwishoni huona kwamba faili halipo. Anaunganisha jina la kwanza na maneno ya mwisho. Anakwenda kwenye folda, analikuta faili lipo, anabadilisha ruhusa zake, analifuta na kulinakili upya, na faili linaendelea kuwepo na kompyuta inaendelea kusema halipo. Lakini ujumbe una nukta pacha zinazogawa wahusika. Kilichotajwa kabla ya nukta pacha za pili, `libmizani.so`, kilipatikana; ndiyo sababu sasa kinatajwa kwa njia yake kamili. Kisichopatikana ni kile kinachofuata, `libmodbus.so.5`, ambacho cha kwanza hakiwezi kufanya kazi bila hicho.

Tena, anayesema sasa si yule yule. Katika ujumbe wa kwanza alisema mtafutaji wa Java. Katika huu wa pili Java imekwisha kumaliza kazi yake ya kutafuta, imekikabidhi faili kipakizi cha Linux, sehemu ya mfumo endeshi inayopakia maktaba, na kipakizi ndicho kilichokwama kikitafuta mahitaji ya faili hilo. Kipakizi hakijui chochote kuhusu `java.library.path`. Mtu anaweza kuandika humo folda zote za kompyuta na hali isibadilike hata kidogo. Chenyewe kina mpangilio wake: huangalia kigeu cha mazingira kiitwacho `LD_LIBRARY_PATH`, njia za `RUNPATH` zilizoandikwa ndani ya faili lenyewe, akiba inayotengenezwa na `ldconfig`, na mwisho folda za kawaida za mfumo.

Kwenye kompyuta ya zamani nilikuwa nimejenga libmodbus kwa mkono, ikakaa `/usr/local/lib`. Hilo nalo lilikuwa nje ya `/opt/ghala`, na nalo liliungua pamoja na kompyuta. Kama ghala lingekuwa na intaneti ya uhakika, ningemwambia kijana aandike `apt install libmodbus5` na suala la mahitaji lingeishia hapo, kwani kifurushi hicho hujiweka katika folda ambazo kipakizi huziangalia bila kuambiwa. Kompyuta ile haikuwa na intaneti. Nilimtumia faili lenyewe kwa simu, nikamsisitiza liitwe `libmodbus.so.5` herufi kwa herufi, kwa sababu mara nyingi jina hilo ni kiungo tu kinachoelekea kwenye faili lenye jina refu zaidi, na flashi za FAT hazihifadhi viungo vya namna hiyo.

Aliliweka kando ya `libmizani.so`, ndani ya folda ile ile. Ujumbe ulirudi bila kubadilika hata nukta. Hili huwashangaza watu na ninaelewa kwa nini, maana faili mbili zinakaa bega kwa bega na moja inadai haimwoni mwenzake. Kwenye Linux, kipakizi hakiangalii folda ambamo maktaba inayopakiwa imo, isipokuwa kimeambiwa. Ujirani hauhesabiki.

Ilikuwa imefika usiku. Kijana, akisoma huku na kule kwenye simu yake, aligundua `LD_LIBRARY_PATH`, akaiandika katika faili la `.bashrc`, lenye mipangilio ya mtumiaji mmoja anapofungua dirisha la amri, akaendesha programu kwa mkono, na uzito ukaonekana. Alipiga simu kwa furaha na mimi nikalala kwa amani. Asubuhi ya Ijumaa waliwasha kompyuta mbele ya wakulima waliokwisha kupanga foleni, na vistari vikarudi. Maneno ya kijana nimeyahifadhi, kwa kuwa hakuna maelezo mafupi na kamili kuliko hayo: “Nikiiendesha mwenyewe inapima, ikijiendesha yenyewe inagoma.”

Wakaanza kupokea mzigo kwa daftari. Mimi niliondoka Mtwara mjini kwenda ghalani Jumamosi alfajiri.

Nilipofika niliikuta hali ambayo humchanganya hata fundi mwenye miaka mingi. Kijana alikuwa amejifunza amri ya `ldd`, inayoonyesha mahitaji ya maktaba na mahali kila moja ilipopatikana, na akanionyesha kwamba kila mstari una jibu, hakuna hata mmoja uliosema `not found`. Wakati huo huo huduma ilikuwa ikiandika kosa lile lile kwenye kumbukumbu zake. Vyote viwili vilikuwa kweli. `ldd` ilijibu kwa mazingira ya kijana aliyeiandika, mwenye `.bashrc` yake, ilhali huduma huwashwa na systemd, ambayo haisomi `.bashrc` ya mtu yeyote, na huendeshwa na mtumiaji mwingine kabisa. `sudo`, amri ya kuendesha kitu kwa mamlaka ya mtumiaji mwingine, nayo kwa kawaida huondoa vigeu vya namna hii kwa sababu za usalama, hivyo hata anayejaribu kwa `sudo` anaweza kupata jibu la tatu. Nilimwonyesha namna ya kuuliza swali kwa niaba ya huduma, bila mazingira ya mtu:

`sudo -u ghala env -i ldd /opt/ghala/lib/libmizani.so`

Hapo mstari wa libmodbus ukasema `not found`. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, chombo cha uchunguzi na kosa lenyewe vilikuwa vinakubaliana, na kwangu mimi hapo ndipo matengenezo yanapoweza kuanza. Kabla ya hapo tulikuwa tunapapasa.

Kulikuwa na njia tatu. Tungeweza kuandika kigeu kile ndani ya faili la huduma kwa mstari wa `Environment=`. Tungeweza kuongeza folda yetu katika `/etc/ld.so.conf.d` na kuendesha `ldconfig`. Zote mbili ni halali na zingefanya kazi siku ile ile. Nilizikataa kwa sababu moja: zote mbili huweka maarifa ya programu nje ya folda ya programu, na hilo ndilo lililotufikisha pale. Kompyuta nyingine ikiungua, kijana mwingine atanakili `/opt/ghala` na ataanza upya safari ya Alhamisi. Njia ya tatu ni kuandika ndani ya `libmizani.so` yenyewe kwamba jirani zake waangaliwe, kwa neno maalumu `$ORIGIN`, ambalo kipakizi hulisoma kuwa ni folda ambamo faili hili limo, popote litakapohamishiwa.

Nilijaribu kwanza kuijenga upya maktaba kwenye kompyuta yangu ya mkononi, nikaongeza agizo hilo wakati wa kuiunganisha, nikapata kosa jipya kabisa: `version 'GLIBC_2.38' not found`. Kosa hili ni langu na nilipaswa kulitarajia. Kompyuta yangu ina Ubuntu 24.04 yenye glibc, maktaba ya msingi ya C, toleo la 2.39, na ya ghala ina 22.04 yenye glibc 2.35. Maktaba iliyojengwa kwenye mfumo mpya inaweza kudai vitu ambavyo mfumo wa zamani hauna, ilhali iliyojengwa kwenye wa zamani kwa kawaida hupokelewa na mpya. Tangu siku hiyo ninajenga kwenye mfumo wa zamani kuliko yote iliyoko maghalani.

Nikarudi kwenye faili lile la msimu uliopita, ambalo lilikuwa halina tatizo hilo, nikalirekebisha bila kulijenga upya, kwa chombo kiitwacho patchelf:

`patchelf --set-rpath '$ORIGIN' libmizani.so`

Alama za kunukuu hapo ni moja moja kwa makusudi. Ukiweka mbili mbili, ganda la Linux, yaani programu inayosoma amri unazoandika, litadhani `$ORIGIN` ni kigeu chake, litakuta hakina thamani, na litaandika utupu ndani ya faili lako bila kukuonya. Ndani ya Makefile, faili la maagizo ya kujenga programu, kwa sababu kama hiyo, alama ya dola huandikwa mara mbili. Baada ya kuandika, nililihakiki faili kwa `readelf -d` na kuliona neno lenyewe, `$ORIGIN`, likiwa limekaa kwenye mstari wa `RUNPATH`. Ni vyema kujua pia kwamba agizo hili huhusu mahitaji ya moja kwa moja ya faili lililoandikwa tu. Kama libmodbus ingekuwa na mahitaji yake mengine katika folda ile, nayo ingepaswa kuandikiwa agizo lake. Kwetu sisi haikuhitaji zaidi ya maktaba ya msingi ya C.

Kuhusu upande wa Java, niliacha kutegemea `java.library.path`. Programu sasa hutambua folda yake yenyewe na huita `System.load` kwa njia kamili ya faili, ambayo haina utafutaji wowote: faili lipo pale au halipo. Niliongeza pia kwamba programu inapowaka, kabla ya kufungua dirisha lolote, huipakia maktaba, huita kazi moja ndogo ndani yake, na ikishindwa huandika kwa Kiswahili ni faili lipi lililokosekana. Kazi hiyo ndogo ina maana, kwa kuwa maktaba inaweza kupakiwa salama na kosa likajitokeza baadaye pale kazi inapoitwa, kwa mfano mtu anapohamisha darasa la Java kwenda kifurushi kingine wakati upande wa C bado kazi inaitwa `Java_ghala_Mizani_soma`. Kosa hilo nalo huitwa `UnsatisfiedLinkError`, ila katika Java 17 hutaja jina la kazi na si la faili, na `nm -D` ndiyo inayoonyesha majina yaliyomo.

Tulipowasha huduma, maktaba zote mbili zilipakiwa, kisha mizani ikakataa kufunguka kwa `Permission denied`. Hilo halikuwa tena suala la maktaba: mtumiaji `ghala` hakuwa katika kundi la `dialout`, linaloruhusiwa kugusa `/dev/ttyUSB0`. Amri moja ilitosha. Tulizima kompyuta kabisa, tukachomoa waya wa umeme, tukawasha, na bila mtu kugusa kitu uzito ulionekana.

Magunia ya Ijumaa yalikuwa bado yamepangwa upande wa mlangoni, kila moja na namba yake ya chaki. Karani alifungua daftari lake, akamwomba mwenyekiti awapigie simu wenyewe waje, na mchana ule yakarudishwa kwenye mizani moja baada ya jingine mbele yao, yeye akisoma namba ya kalamu kwa sauti na kijana akisoma ya kompyuta.